Uzi wa Zebaki

Kwa miaka mingi mama yangu alikung'uta themometa, na mpaka leo, akikuelekeza jambo kwa mkono wa kulia, kifundo chake hupinda kwa namna ileile. Alikuwa muuguzi. Aliishika kwa ncha za vidole vitatu, akajitenga na meza na ukingo wa kitanda, kisha akaupiga mkono hewani mara mbili, kama mtu anayekung'uta maji baada ya kunawa. Bega lilitulia, kazi yote ilikuwa kwenye kifundo. Zebaki iliyokuwa imegoma juu ikashuka mpaka chini ya 35. Akainua kioo, akatazama, akaridhika, ndipo akaniambia niinue mkono, akaiweka kwapani, akanifunga mkono kifuani kwa kiganja chake na kutazama saa.

Alipoitoa hakunisomea mara moja. Alisogea dirishani, akaizungusha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Siku niliyoomba nisome mwenyewe sikuona kitu: kioo kitupu, tarakimu nyeusi, mgongo mweupe. "Usiikodolee macho," akasema. "Izungushe." Nikaizungusha kidogo, kidogo tena, na ghafla uzi mpana wa fedha ukatokea mahali ambapo sekunde moja nyuma hapakuwa na chochote. Nilikuwa na homa ya nyuzi 39 na ushei, na nikaisahau kabisa.

Kiswahili hugawa joto kwa nyuzi. Nyuzi thelathini na saba, nyuzi thelathini na nane. Sina hakika kama kuna lugha nyingine ambayo neno lake la kipimo hiki linakaribia hivi umbo la kitu chenyewe, kwa kuwa kilicho ndani ya ile fimbo ya kioo ni uzi kweli, mwembamba kuliko unywele, na kuna watu waliotumia maisha yao kuhakikisha kwamba uzi huo unasema kweli. Historia ya themometa ya hospitali husimuliwa kwa majina ya madaktari. Madaktari nitawataja. Lakini nia yangu ni kuwasifu mafundi wa kioo na wauguzi, watu wa mikono, ambao bila wao daktari angebaki na maneno matupu.

Kabla ya kioo palikuwa na mkono, na mkono haupaswi kudharauliwa. Mama akipitisha mgongo wa kiganja shingoni mwa mwanawe usiku wa manane hahitaji mtu wa kumthibitishia kwamba mtoto amechemka. Shida ya mkono iko kwingine. Ukitoka kufua nguo kwa maji baridi, kila shingo itakuwa na homa. Ukitoka jikoni, hakuna mgonjwa nyumbani. Na hata mkono ukisema kweli, unamwambia mwenye mkono peke yake. Joto alilolihisi mama saa mbili usiku haliwezi kuwekwa karibu na joto atakalolihisi shangazi alfajiri, ili yaonekane lipi limezidi lipi. Mkono unajua, ila ujuzi wake haukabidhiki.

Wazee wa pwani yetu wanaogawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, na kusema mwili wenye afya ni ule uliosimama kwenye mizani, wameshika mkia wa elimu ndefu sana. Galen, tabibu wa Pergamon katika karne ya 2, aligawa joto na baridi ya mwili kwa daraja nne nne, na katikati akaweka kipimo cha usawa: maji yanayochemka na barafu vikichanganywa sehemu sawa. Ibn Sina aliipokea elimu hiyo na kuipanga upya katika Al-Qanun, kitabu kilichosomeshwa kuanzia Bukhara hadi Ulaya kwa karne nyingi. Daraja zilikuwapo, basi. Kilichokosekana ni chombo cha kuzishika. Zilikaa kwenye ngozi ya kiganja cha tabibu, naye alipokufa alizikwa nazo.

Mtu aliyezitoa humo ni Santorio Santorio, mzaliwa wa Capodistria mwaka 1561, profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Padua. Alikuwa na shauku ya kupima ambayo wenzake hawakuielewa: alitengeneza kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani, akakaa humo akijipima uzito kabla na baada ya kula, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1625 alichapisha kitabu cha kufafanua Al-Qanun ya Ibn Sina, na ndani yake kuna mchoro wa mtu aliyeweka tufe la kioo kinywani, mrija mrefu ukishuka kutoka kwenye tufe hadi ndani ya chombo cha maji. Joto la kinywa hutanua hewa iliyomo kwenye tufe, hewa husukuma maji mrijani, na Santorio akasoma yameshuka alama ngapi. Kwa hiyo chombo cha kupimia homa kilianza kuonekana kwenye kurasa za kumfafanua Ibn Sina, na kila nikilikumbuka hilo huona kana kwamba wale wazee wa mizani na muuguzi wa zamu ni watu wa ukoo mmoja.

Chombo cha Santorio kilikuwa na kasoro ambayo akili yake haikuweza kuitibu. Kilikuwa wazi upande wa chini, na hewa ya nje iliyagandamiza maji siku moja zaidi ya nyingine. Mvua ikikaribia, mgonjwa alionekana kubadilika. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa kuufunga mrija pande zote, na hapo mwenye mamlaka ni anayejua kuyeyusha kioo bila kukivunja.

Katika Florence ya miaka ya 1650, chini ya Mtawala Ferdinando II wa ukoo wa Medici, aliishi mpuliza kioo aitwaye Antonio Alamanni. Watu walimpa lakabu ya Gonfia, yaani mpulizaji. Alikaa mbele ya taa, akaupuliza ulimi wa moto uwe mkali kama sindano, na kwenye ncha ya moto huo akavimbisha vibuyu vidogo vya kioo, akavijaza spiriti kwa kipimo, akaifunga midomo yao. Juu ya mrija alibandika vitone vidogo vya kioo cha rangi, kimoja kwa kila daraja, vyeupe vya kuhesabia makumi na vyeusi katikati. Alitengeneza themometa nyingine ambazo mrija wake umejizungusha kama nyoka aliyesimama kwa mkia, ngazi juu ya ngazi. Ziko Florence mpaka leo, katika jumba la makumbusho lenye jina la Galileo, na ukitazama picha zake unajiuliza pumzi ya binadamu iliwezaje kutulia kiasi kile. Huko huko vilitengenezwa vyombo vidogo vyenye umbo la chura vya kufungwa mkononi mwa mgonjwa. Tumboni mwa chura mlikuwa na spiriti na vitufe vya kioo vya uzito tofauti. Joto lilipopanda, vitufe vilisogea. Vilikwenda polepole mno hata vikaitwa vivivu. Sijui kama kumekuwa na chombo cha tiba kilichokaribia hivi kuwa pambo.

Ila sifa kubwa ya Gonfia kwangu ni ungamo lake. Alisema kwamba themometa za daraja 50 angeweza kukutengenezea nyingi upendavyo, zote zikaenda pamoja mahali pamoja. Lakini zile ndefu, za daraja 100 na 300, hakuweza kuahidi, kwa kuwa kwenye mrija mrefu makosa madogo ya tundu hujikusanya. Msomi wa zama zile angesema chombo chake ni kamili. Fundi alijua mpaka wa mkono wake na akautaja.

Hapa nisimame kidogo kwenye kazi ya kuvuta kioo, maana ndiyo siri ya yote. Bonge la kioo cha moto hukusanywa kwenye ncha ya bomba la chuma, na ndani yake hupulizwa kiputo kidogo cha hewa. Mtu wa pili hugusisha fimbo yake upande wa pili wa bonge, ikashika. Kisha wawili hao huachana, mmoja akienda huku na mwenzake kule, wakitembea upesi kwenye njia ndefu, na bonge likivutika katikati yao kama unga uliokandwa vizuri. Kiputo nacho huvutika. Hakipotei wala hakikatiki: kinakuwa tundu linalopita katikati ya kioo kutoka mwanzo hadi mwisho, jembamba kadiri watembeaji wanavyofika mbali. Ukiukata mrija huo vipande vidogo vidogo unapata shanga. Ndivyo zilivyotengenezwa Venice zile shanga nyekundu za samesame, ambazo misafara ya karne ya 19 ilizibeba kutoka pwani yetu hadi maziwa makuu, na mabibi wakazivaa shingoni na kiunoni. Uache mrija mrefu, tundu likiwa jembamba zaidi, na unayo sehemu ya kwanza ya themometa. Ushanga na kipima homa ni ndugu wa tumbo moja. Na umbo la bonge husalia pia: ukilibana likawa na pembe tatu na kulibandika ukanda wa kioo cheupe mgongoni, mrija utakaotoka utakuwa na pembe ileile na mgongo uleule mweupe. Pembe hiyo ndiyo lenzi. Ndiyo iliyonificha uzi wa fedha utotoni, kisha ikanionyesha ukiwa mpana mara nyingi kuliko ulivyo.

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig mwaka 1686 katika nyumba ya wafanyabiashara. Agosti 1701 wazazi wake wote wawili walikufa siku moja kwa kula uyoga wenye sumu, na kijana huyo akapelekwa Amsterdam kujifunza biashara. Biashara haikumshika. Alikimbilia kwenye vyombo vya kioo, akatangatanga katika miji ya kaskazini mwa Ulaya akitazama wengine wanavyofanya, na mwaka 1708 alimtembelea Ole Rømer, mnajimu wa Copenhagen, aliyekuwa akitengeneza themometa zake mwenyewe. Tunamtaja kama mwanasayansi, na kweli alikubaliwa katika jumuiya ya wanasayansi ya London mwaka 1724, lakini alijipatia riziki kwa kupuliza kioo na kuuza.

Mwaka 1714 alimpa Christian Wolff, profesa wa Halle, themometa mbili. Wolff aliziweka mahali pamoja, na zote mbili zikaonyesha joto moja. Alishangaa kiasi cha kuandika juu yake kwenye jarida la wasomi. Leo mshangao huo ni mgumu kuuelewa, kwa hiyo nakuomba ujaribu: kwa karne nzima Ulaya ilikuwa na themometa nyingi, kila moja ikizungumza lugha yake, na joto la Padua halikuweza kulinganishwa na la Paris. Kisha kijana yatima aliyekimbia dukani akaja na vioo viwili vinavyokubaliana. Hicho ndicho chanzo cha themometa ninayoijua mimi. Namba juu ya kioo kimoja ni pambo. Vioo viwili vikikubaliana, joto limekuwa kitu unachoweza kumpa mtu mwingine.

Baada ya hapo alihamia kwenye zebaki. Zebaki haishikamani na kioo kama maji yanavyoshikamana, hupokea joto upesi, hutanuka kwa mwendo wa sawasawa, na huonekana. Mwaka 1724 alieleza kipimo chake: sifuri kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya nishadiri, 32 kwenye barafu na maji, na alama ya tatu, 96, ilipatikana kwa kukiweka chombo kinywani au kwapani mwa mtu mwenye afya. Yaani kabla themometa yake haijampima mwanadamu, mwanadamu aliipima yenyewe. Mwili wa mtu mzima asiyeumwa ulikuwa nguzo mojawapo ya kipimo.

Anders Celsius wa Uppsala nampitia upesi. Kipimo chake cha mwaka 1742 kilikuwa na sifuri kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu. Wengine walikigeuza muda mfupi baada ya kifo chake, na hicho kilichogeuzwa ndicho tunachotumia.

Madaktari walichelewa. Boerhaave wa Leiden aliagiza themometa kwa Fahrenheit, na mwanafunzi wake Anton de Haen akazitumia Vienna vitandani mwa wagonjwa. De Haen aliona jambo ambalo kila aliyeugua malaria analijua upande wa ndani: mgonjwa anatetemeka, meno yanagongana, anaomba blanketi la tatu, nawe ukimpima joto lake limepanda. Baridi anayoisikia mgonjwa na joto linaloonekana kwenye kioo vyote ni kweli kwa wakati mmoja. James Currie, daktari wa Liverpool aliyepinga biashara ya utumwa katika mji uliotajirika kwayo, alichapisha mwaka 1797 kitabu kuhusu kutibu homa kwa maji baridi, na alipima wagonjwa wake kwa themometa iliyopindwa ili aweze kuisoma bila kuvuta pumzi ya mgonjwa. Hata hivyo wengi waliona chombo hiki ni usumbufu. Kilikuwa kirefu, kilivunjika, na kilitaka subira.

Subira ilikuja na Carl Wunderlich wa Leipzig. Themometa zake zilikaribia urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, na zilikaa kwapani hadi dakika 20. Aliamuru kila mgonjwa apimwe asubuhi na jioni, na namba iandikwe na kuunganishwa kwa mstari, siku kwa siku. Kitabu chake cha mwaka 1868 kilisimama juu ya wagonjwa wapatao 25,000. Humo ndimo homa ilipopata umbo. Taifodi hupanda kama mtu anayepanda ngazi, kila jioni juu kidogo kuliko jana. Malaria ni milima na mabonde. Daktari aliyeingia wodini asubuhi hakuhitaji tena kuuliza usiku ulikuwaje. Usiku ulikuwa umechorwa miguuni mwa kitanda.

Nani aliyeichora? Wunderlich hakuweza kusimama dakika 20 kando ya kila kitanda. Wasaidizi na wauguzi walisimama. Usiku wote wa Leipzig umo kwenye mistari ile, na majina ya walioikesha hayamo. Nikisoma kwamba Wunderlich aliamua joto la mwili wenye afya kuwa nyuzi 37, huwaza mikono iliyoshikilia mikono ya wagonjwa isifunguke.

Na hiyo 37 yenyewe ilitegemea fundi. Mwaka 1992 daktari Philip Mackowiak na wenzake waliwapima Wamarekani wenye afya, wakapata wastani wa 36.8. Kisha Mackowiak akachukua themometa ya Wunderlich iliyohifadhiwa Philadelphia na kuijaribu. Ilisoma juu kuliko inavyopaswa, kati ya nyuzi moja na nusu na mbili. Huenda ilizeeka, kwani kioo huzeeka. Kibuyu kikishapulizwa hakitulii. Huendelea kunywea polepole, miezi na miaka, na kila kinaponywea kidogo zebaki husukumwa juu na chombo kudanganya. James Joule, mwanafizikia wa Manchester, alifuatilia sifuri ya themometa yake moja kuanzia 1844 hadi 1882, na ilikuwa bado inapanda. Ndiyo maana fundi mwaminifu hakutia alama kwenye kioo kibichi. Alikiacha kipumzike kwanza. Na ndiyo maana Otto Schott, huko Jena katika miaka ya 1880, aliona inafaa kutafuta kwa bidii kioo kipya chenye kuzeeka kwa uaminifu zaidi, akakipata.

Aliyeitoa themometa mikononi mwa mabingwa na kuitia mfukoni mwa kila daktari ni Clifford Allbutt wa Leeds, mnamo mwaka 1867. Yake ilikuwa na urefu wa inchi 6, na dakika 5 zilitosha. Kufupisha chombo kunasikika kama jambo dogo. Si dogo. Zebaki ikipata joto la nyuzi moja zaidi hutanuka kwa chini ya sehemu mbili katika elfu kumi. Ili tanuko hilo lionekane kwa jicho, kibuyu lazima kibebe zebaki ambayo ingejaza zaidi ya nyuzi elfu sita za mrija ulio juu yake. Ukitaka chombo kifupi, tundu lazima liwe jembamba mno. Ukitaka kipokee joto upesi, kibuyu lazima kiwe kidogo na ukuta wake uwe kama ganda la kitunguu, lakini kisipasuke kwapani mwa mtoto anayepaparika. Kila upande unavuta. Fundi husimama katikati na moto wake.

Kisha kuna shingo. Juu kidogo ya kibuyu, tundu limebanwa kwa moto mpaka karibu kuziba. Zebaki ikitanuka hupenya kwa nguvu na kupanda. Ikipoa, uzi hukatika penye shingo na sehemu ya juu hubaki pale ilipofika. Muuguzi anaweza kuitoa kwapani, akaifuta, akaenda hadi dirishani, na homa ikawa bado inamngoja. Ukibana mno, hakuna kifundo cha mkono kitakachoishusha zebaki. Ukibana kidogo, itakimbia kabla hujaisoma. Upana wa shingo hiyo haupimwi kwa rula. Fundi aliuona kwa macho kwenye mwanga wa taa, kioo kikiwa laini, na akakiondoa motoni.

Baada ya kujazwa zebaki na kufungwa, chombo kilikuwa bado bubu. Kwa kuwa hakuna matundu mawili yaliyo sawa kabisa, hakuna alama za jumla za kuchapa juu ya zote. Kila moja ilitumbukizwa kwenye maji yenye joto linalojulikana, ikatiwa alama pale uzi uliposimama. Ikatumbukizwa kwenye maji mengine, ikatiwa alama ya pili. Nafasi iliyo katikati ikagawanywa kwa chombo hiki peke yake. Ukiziweka themometa mbili za zamani bega kwa bega utaona nyuzi za moja zimesongamana kuliko za nyingine, na bado zikiwekwa kwapa moja zitasema neno moja. Kila moja ilisikilizwa peke yake, na kwa sababu hiyo zinakubaliana. Kioo kilipakwa nta, mistari ikachorwa kwenye nta kwa ncha kali, asidi ikala pale palipochorwa, rangi nyeusi ikasuguliwa ndani. Zilizokwenda kujaribiwa kwenye kituo cha Kew, karibu na London, zilirudi na herufi K na O zilizofumana. Alama ndogo, ila mtu aliyeishika themometa hiyo nchi ya mbali alijua kuna aliyeijaribu kabla yake.

Siwezi kuisifu kazi hii nikaficha ilichowafanyia watendaji wake. Katika Thuringia, nchi ya misitu ambako vijiji kama Geraberg viliishi kwa themometa, watu walifanya kazi majumbani, na mvuke wa zebaki ulikaa chumba kimoja na watoto. Sumu hiyo huanzia mikononi. Vidole hutetemeka, na kwa mpuliza kioo kutetemeka ni kufukuzwa kazi na mwili wako mwenyewe. Kodaikanal, mji wa milimani kusini mwa India, kiwanda cha themometa kilifungwa mwaka 2001 baada ya taka zenye zebaki kukutwa nje yake. Waliokuwa wafanyakazi walidai haki yao miaka 15 hadi makubaliano ya 2016. Mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka minane niliangusha moja kwenye sakafu ya saruji. Vishanga vya fedha vikakimbia chini ya kitanda, nikavikusanya kiganjani, nikavichezea jioni nzima kwa furaha. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Nikiwakumbuka watoto wa Geraberg, furaha ile hunikaa vibaya kifuani.

Kwa hiyo nakubali bila kinyongo kwamba zebaki imeondoka. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini themometa za zebaki. Mwaka huohuo, kwa sababu nyingine kabisa, tulianza kuelekezewa vipimo vya mwanga usioonekana kwenye paji la uso kila tulipoingia dukani. Wauguzi wengi sasa wana za betri, zinazolia zikimaliza. Huko huko Thuringia mafundi waliipata galinstani, mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati, unaong'aa kama zebaki bila sumu yake. Ila una ukaidi wake: hushikamana na kioo na kukipaka. Ikabidi ukuta wa ndani wa tundu lile, jembamba kuliko unywele, upakwe utando wa kuuzuia. Gonfia angewaelewa.

Kitu kimoja mama alinifundisha ambacho sikukikuta kwenye historia yoyote. Themometa za kawaida huanza kwenye 35, kwa kuwa zilitengenezwa kumtafuta mwenye homa. Mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kufa kwa baridi, kimya, na kwake mwili ulio chini ya 36.5 tayari ni hatari. Akishuka chini ya 35, kioo cha kawaida hakina la kusema. Kuna themometa za kusoma chini, na wodini kwao, anasema, ilikuwapo moja tu, na kila zamu iliikabidhi kwa zamu iliyofuata mkono kwa mkono kabla ya kukabidhi kitu kingine chochote, hata funguo. Kisha zilifuata namba. Kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, joto na saa. Aliyekesha alisema, aliyeingia aliandika.

Mwezi uliopita, tukipanga vitu vyake, nilikuta themometa yake ya zamani ndani ya kikasha chake cha bati, katikati ya pamba. Haikuwa imeguswa kwa miaka. Nilikwenda nayo dirishani nikaizungusha, na uzi ukajitokeza, umesimama mahali pa mtu wa mwisho aliyepimwa: 38.4. Shingo ile ilikuwa imeushikilia muda wote huo. Nilimpelekea. Aliipokea kwa ncha za vidole vitatu, akaielekeza kwenye mwanga, akaizungusha mara moja tu.

"Thelathini na nane nukta nne," alisema. "Saa ngapi hii?"